Sura ya Sita: Jembe Mbele ya Moto

Mkulima wa Upare au wa Usambara akikabidhiwa chombo ambacho wazimamoto wa misitu ya Marekani hukiita Pulaski, hatauliza kinashikwaje, kwa kuwa upande mmoja wa kichwa chake ni shoka na upande wa pili ni jembe jembamba, na vyote viwili vimetiwa katika mpini mmoja. Atakalouliza, na ana haki ya kuliuliza, ni namna gani chombo cha shambani kikawa silaha ya kukabili moto ambao ndimi zake hupanda juu ya vilele vya misonobari, na ambao upepo ukiupa nguvu hula bonde zima kati ya adhuhuri na magharibi. Sura hii ni jibu la swali hilo. Inawahusu watu ambao picha zao huonekana kila mwaka magazetini, nyuso zimejaa masizi, lakini ambao kazi yao huijua akali ya watu, na ambao serikali iliyowaajiri ilikaa miaka mingi bila ya kuwapa hata jina la kazi waifanyayo.

Chombo kimepata jina lake kwa Edward Pulaski, aliyekuwa mlinzi wa misitu katika mji wa Wallace, jimbo la Idaho, mwaka 1910, wakati ambapo Idara ya Misitu ya Marekani ilikuwa na umri wa miaka 5 tu tangu kuasisiwa. Kiangazi cha mwaka huo kilikuwa kikavu kupita desturi, na mioto midogo midogo, mingine ya radi na mingine ya cheche za magarimoshi, ilikuwa imetapakaa milimani kwa mamia. Hata ilipofika tarehe 20 Agosti ukavuma upepo mkali ulioikutanisha mioto ile, na katika siku mbili zikateketea ekari zipatazo milioni 3 za Idaho, Montana na pande za jirani, na watu wasiopungua 85 wakafa, wengi wao vibarua waliokuwa wameajiriwa kuuzima. Pulaski alikuwa mlimani na watu wapatao 45. Moto ulipowazunguka aliwaongoza katika giza la moshi mpaka kwenye shimo la machimbo lililokuwa limeachwa, akawaingiza ndani, akatundika mablanketi yaliyolowa maji mlangoni, na alipoona baadhi yao wamepandwa na hofu wakitaka kutoka, akashika bastola akaapa kumpiga yeyote atakayejaribu kupita. Moshi ukawazimisha, naye miongoni mwao. Kulipokucha watano walikuwa wamefariki humo shimoni. Waliobaki walitambaa nje wakiwa hai. Pulaski, ambaye macho yake na mapafu yake hayakuwa tena kama yalivyokuwa, alirejea kazini, na kwa kuwa alikuwa pia mhunzi, akakitengeneza katika karakana yake chombo kile cha shoka na jembe, kikaenea kutoka kwake mpaka kikawa mikononi mwa kila mzimamoto wa nyika katika nchi ile.

Msiba wa 1910 ulizaa hofu, na hofu ikazaa siasa. Mwaka 1935 mkuu wa Idara ya Misitu, Ferdinand Silcox, alitoa amri kwamba kila moto utakaoonekana sharti uwe umedhibitiwa kabla ya saa 4 asubuhi ya siku ya pili yake, na amri hiyo, iliyodumu hata miaka ya 1970, ilihitaji watu wengi walio tayari kwa safari ya ghafula. Ndipo mwishoni mwa miaka ya 1940, katika misitu ya kusini mwa California, vilipoundwa vikosi vya Del Rosa na El Cariso, vya kwanza kuitwa Hotshots, jina walilopewa kwa kuwa walipelekwa pale ambapo moto ulikuwa mkali kuliko kwingine. Leo vikosi vya namna hiyo ni zaidi ya 100, na mfano wake ndio ninaoufuata katika maelezo haya. Lakini haki hainiruhusu kuipita amri ya Silcox kimya. Wenyeji wa asili wa nchi ile, kama Wakaruk na Wayurok wa kaskazini mwa California, walikuwa na desturi ya kuwasha mioto midogo kwa wakati wake, ili kusafisha chini ya miti na kuotesha nyasi na vijiti vya kusukia vikapu. Desturi hiyo ilikatazwa na waliofuata wakaadhibiwa, na kila moto mdogo uliozimwa kwa amri uliacha nyuma yake majani makavu, matawi na miche iliyosongamana, yaani kuni za moto mkubwa utakaokuja baadaye. Vijana wanaopanda milima hiyo leo wanalipa deni ambalo hawakulikopa.

Na vijana hao ni nani? Ni wanafunzi wa vyuo waliokuja kutafuta karo, askari waliomaliza muda wao, watoto wa wakulima na wa wakata miti, wanaume kwa wanawake, ijapokuwa wanawake bado ni wachache. Katika majimbo ya kusini-magharibi kazi hii imekuwa kwa vizazi kadhaa fahari ya Waapache, ambao kundi lao la Mescalero lilijulikana tangu miaka ya 1940 kwa kofia zake nyekundu. Mwaka 1945 kikosi cha 555 cha askari wa miavuli, watu weusi watupu, waliokuwa wamefunzwa kwa vita na kutumaini kupelekwa Ulaya, kilipelekwa badala yake Pendleton katika jimbo la Oregon, kwa kuwa Wajapani walikuwa wakirusha maputo yenye mabomu ya kuwasha misitu. Wakaruka juu ya mioto mingi ya kiangazi kile, wakati jeshi lao lenyewe lilikuwa bado likiwatenga kwa rangi yao. Kadhalika wafungwa wa California wamekuwa wakikata njia za kuzuia moto tangu wakati wa vita hivyo, na kwa miaka mingi saa moja mbele ya moto haikuwaongezea juu ya posho yao ndogo ya siku ila dola 1. Nimewataja hawa kwa sababu heshima ya kazi hii aghalabu hugawanywa kwa watu wasiozidi aina moja, ilhali taabu yake imegawanywa kwa wengi.

Mwenye kutaka kuingia hupimwa kwanza. Hubebeshwa mzigo wa ratili 45, akatakiwa atembee maili 3 za ardhi tambarare kwa muda usiozidi dakika 45, bila ya kukimbia hata hatua moja. Jaribio hilo huonekana jepesi mpaka mtu alifanye. Na hata hivyo, kwa watu wa Hotshots, ni mlango wa nje tu, kwani mazoezi yao ya kila asubuhi kabla ya msimu, ya kupanda vilima na mizigo na misumeno mabegani, hupita mbali kipimo hicho.

Sasa nirudi kwenye swali la mkulima wetu. Moto hauishi ila kwa vitu vitatu: joto, hewa na chakula. Mjini, ambako mabomba yako karibu, mzimamoto huuondolea joto kwa maji. Lakini juu ya mlima, maili nyingi kutoka barabara ya mwisho, maji ni yale aliyoyabeba mtu mgongoni kwa ajili ya koo lake, na hewa haizuiliki, hivyo hubaki chakula peke yake. Kazi ya kikosi ni kuunyima moto chakula: kufyeka na kulima njia inayouzunguka, yenye upana wa hatua moja au zaidi kwa kadiri ya ukubwa wa majani, mpaka uonekane udongo mtupu usio na mizizi wala mboji wala jani kavu, kwa kuwa mzizi mmoja uliokatiza njia waweza kubeba kaa chini ya ardhi usiku kucha na kulitoa upande wa pili asubuhi. Ndege zinazomwaga dawa nyekundu, ambazo watazamaji huzishangilia, hupunguza kasi ya moto kwa muda. Asipofika mtu na jembe kuimaliza kazi hiyo, moto huipita dawa na kuendelea na safari yake.

Namna ya kuikata njia hiyo ni jambo lililonipa staajabu kubwa nilipolisoma mara ya kwanza. Watu ishirini hujipanga mmoja nyuma ya mwingine. Mbele kabisa huenda msimamizi au naibu wake, akichagua mahali njia itakapopita; nyuma yake wenye misumeno ya injini, kila mmoja na mwenzake wa kuvuta na kutupa matawi yaliyokatwa, wakiyatupa upande usiokuwa na moto; kisha wenye Pulaski wakikata mizizi na kuvunja ardhi; kisha wenye majembe mapana na reki nzito wakikwangua na kusafisha; na wa mwisho ndiye anayeikagua njia, na neno lake ndilo linaloamua kama mstari usogee au usimame. Hakuna anayelima sehemu yake peke yake mpaka imalizike. Kila mtu hupiga pigo moja au mawili akasogea, na wa nyuma yake akapiga pale pale akasogea, hata mtu wa ishirini anapopita, njia imekamilika; desturi hii ilibuniwa katika miaka ya 1930, na ingali ikitumika hata leo. Uzuri wake ni kwamba mdhaifu hamchelewishi mwenye nguvu, na mwenye nguvu hapati nafasi ya kujionyesha. Uzito wake ni kwamba mtu huinama tangu alfajiri, katika joto na vumbi, huku pumzi ya moto ikimpiga ubavuni, na kila anapoinua macho haoni ila mgongo wa mwenzake.

Njia ikiisha kukatwa, mara nyingi hubaki uwanja mpana wa majani makavu baina yake na moto wenyewe, na uwanja huo hauachwi. Watu wawili au watatu hushika mikebe yenye mchanganyiko wa dizeli na petroli, iliyo na utambi mdomoni, wakatembea kandokando ya njia wakidondosha matone ya moto upande wa ndani, ili majani yaliyobaki yaungue kwa hiari ya watu kabla ya kuungua kwa hiari ya upepo. Na wengine husimama wamegeuzia mgongo moto huo, macho yao yakiwa kwenye kijani cha upande wa pili, wakingoja cheche itakayovuka. Kazi hii hutaka mtu ajuaye upepo wa mlima, ambao mchana hupanda bondeni na usiku hushuka, na ajuaye kwamba saa moja ya haraka yaweza kupoteza kazi ya siku tatu.

Baada ya hayo huja kazi ambayo hapana mpiga picha anayekwenda kuitazama, nayo ndiyo huchukua sehemu kubwa ya msimu. Moto umesimama, moshi umepungua, magazeti yamehamia habari nyingine, na watu ishirini wanapiga magoti katika majivu wakitafuta makaa. Hufukua visiki, huchanganya udongo na majivu, na kisha, wakiisha kuvua glavu, hupeleka mgongo wa kiganja karibu na ardhi, kama mama apimavyo homa katika paji la uso la mwanawe, shubiri kwa shubiri, pengine kwa upana wa futi 100 au zaidi ndani ya njia nzima. Pasipo moto hapana ghera, na pasipo ghera mtu hushawishika kupita juu juu. Lakini misitu mingi iliyoungua kwa mara ya pili iliungua kwa sababu ya kaa moja lililoachwa na mtu aliyechoka. Naamini kwamba hapa, wala si mbele ya ndimi za moto, ndipo tabia ya kikosi hupimwa.

Muhula wa kazi kwa kawaida ni siku 14 mfululizo, bila ya kuhesabu siku za kusafiri, na siku moja yaweza kuwa ya saa 16. Kisha hupewa siku chache za kupumzika, wakafua nguo, wakalala, wakaitwa tena. Hivyo ndivyo inavyokuwa tangu Mei hata Oktoba, na siku hizi, kwa kuwa viangazi vimerefuka, hata zaidi. Husafiri katika magari mawili makubwa, kumi huku na kumi huku, kutoka Arizona mpaka Montana, kutoka Oregon mpaka Alaska. Wakiwa karibu na kambi kuu hupata chakula cha moto na maji ya kuoga. Wakiwa mbali milimani hulala juu ya ardhi na nguo walizoshinda nazo, shati la manjano na suruali ya kijani za kitambaa kisichoshika moto upesi, na hula vyakula vya pakiti vya jeshi. Mwili wa mtu katika siku kama hizo hutumia kati ya kalori 4,000 na 6,000, na wako ambao misuli yao huvunjika kwa kazi na joto mpaka figo zikaingia hatarini. Viatu vyao ni vya ngozi, virefu kupita kifundo, na mwenye viatu vipya huonekana kwa mwendo wake.

Jioni, kabla ya kulala, wana ada ambayo nimeipenda kuliko zote. Huketi pamoja wakaulizana: tulikusudia nini leo, kulitukia nini, kwa sababu gani, na kesho tufanye vipi? Mgeni wa msimu wa kwanza ana ruhusa ya kusema mbele ya msimamizi mwenye misimu ishirini kwamba pale penye mwamba hakusikia redioni habari ya upepo, au kwamba alimwona mwenzake amesimama chini ya mti uliokufa. Na msimamizi hujibu, hakemei. Ni shura ya kweli, nayo haifanywi kwa adabu tu. Imejengwa juu ya makaburi.

Kaburi lililofundisha zaidi liko Mann Gulch, bonde dogo linaloteremkia mto Missouri katika jimbo la Montana. Tarehe 5 Agosti 1949 wazimamoto wa miavuli 15 waliruka kutoka katika ndege ili kuzima moto ulioonekana kuwa wa kawaida. Redio yao ilivunjika kwa kuwa mwavuli wake haukufunguka. Wakaungana na mlinzi mmoja aliyekuwa akiupiga moto peke yake, wakawa 16, wakaanza kuteremka bondeni kuelekea mtoni. Kiongozi wao, Wagner Dodge, akaona kwamba moto umeruka ukashika mdomo wa bonde chini yao, baina yao na maji, na sasa unapanda. Hapa sharti msomaji aelewe kwamba moto unaopanda mlima huenda kasi kuliko ule wa tambarare, kwa sababu ndimi zake huinamia majani yaliyo juu yake na hewa yake ya moto huyakausha kabla moto wenyewe haujayafikia. Mtu anayekimbia kupanda hupunguza mwendo kwa kila hatua, na moto unaomfuata huongeza. Dodge aliwageuza watu wake, akawaamuru watupe vyombo, na alipoona kwamba mbio hizo hazishindiki, akatoa kiberiti akawasha moto mwingine katika nyasi zilizokuwa mbele yake. Moto ule ulipanda mlima ukaacha kiwanja cha majivu, naye akaingia ndani yake, akawaita wamfuate. Hakumfuata hata mmoja. Alijilaza kifudifudi na leso yenye maji usoni, moto mkubwa ukampita kushoto na kulia, akainuka mzima. Vijana wawili walifika kileleni wakapenya katika ufa wa miamba wakaokoka. Watu 13 walikufa.

Wengi wamejiuliza kwa nini hawakumfuata, na majibu yaliyotolewa yamejaza vitabu, kikiwamo cha Norman Maclean kilichotoka mwaka 1992. Mimi hushikamana na jambo moja la dhahiri. Wakati huo wazimamoto wa miavuli walipangwa kwa zamu ya majina, na Dodge hakuwa amefanya mazoezi na vijana wale kiangazi kile. Walikuwa mashujaa waliokusanyika, hawakuwa kikosi. Mtu aliyewasha moto mbele yao, wakati moto mwingine uko nyuma yao, kwao alikuwa mtu aliyerukwa na akili. Na asaa kama wangekuwa wameinama naye miezi mitatu katika mstari mmoja, wangaliijua sauti yake na kuitii kabla ya kuifahamu maana yake. Kuaminiana kwa namna hiyo hakufundishwi darasani. Huja kidogo kidogo kwa kazi ya jembe, katika siku zisizo na hatari yoyote, ili kupatikane siku ambayo hapana nafasi ya kueleza.

Baada ya vifo vingine, vikiwamo vya watu 11 katika California mwaka 1956, Idara ya Misitu ilitunga mwaka 1957 amri kumi ambazo kila mzimamoto huzihifadhi kwa moyo: jua hali ya hewa, jua moto wako unafanya nini kila wakati, weka mlinzi pale penye hatari, na kadhalika. Amri zikafuatiwa na orodha ya mambo 18 ya kuhadhari. Lakini moyo wenye hofu hausomi orodha ndefu, na aliyeligundua hilo ni Paul Gleason, msimamizi wa kikosi cha Zig Zag cha Oregon, ambaye mwezi Juni 1990 alikuwapo kwenye moto wa Dude, Arizona, uliowaua watu sita wa kikosi cha wafungwa. Mwaka uliofuata aliyafupisha yote kuwa mambo manne: mlinzi anayeutazama moto kwa niaba ya wote, mawasiliano yasiyokatika, njia ya kutorokea, na mahali pa salama pa kutorokea. Hapana anayepiga pigo la kwanza la jembe kabla ya manne hayo kutimia; na mahali pa salama aghalabu ni pale palipokwisha kuungua, kwa hiyo watu wenye uzoefu hupenda kuweka mguu mmoja katika weusi.

Sitaki msomaji adhani kwamba kujuana na amri zinatosha kumlinda mtu. Kikosi cha Granite Mountain Hotshots cha mji wa Prescott, Arizona, kilikuwa cha watu waliojuana sana, na tarehe 30 Juni 2013, karibu na mji mdogo wa Yarnell, wingu la mvua ya radi liligeuza upepo, moto ukageuka nao, na watu 19 kati ya 20 wakakutwa katika bonde wakishuka kutoka penye weusi. Aliyesalimika ni mlinzi wao, aliyekuwa amekaa mbali nao. Waliofariki walikuwa wamefungua vijihema vyao vya karatasi ya alumini, ambavyo kila mzimamoto hubeba kiunoni, vyenye uzito wa ratili 4 hivi, vinavyorudisha joto la moto ulio mbali kidogo lakini visivyoweza kustahimili ndimi zenyewe. Kwa nini waliuacha weusi, hapana aliyebaki hai wa kulieleza, na mimi sitawatungia sababu.

Msomaji wa Tanzania atakumbuka mwezi Oktoba 2020, moto ulipoushika mlima Kilimanjaro katika vichaka vilivyo juu ya msitu, ukaunguza eneo la kilomita za mraba zipatazo 95, na mamia ya watu wakapanda kuuzima, wakiwamo askari wa hifadhi, wanavijiji na wanafunzi wa Chuo cha Mweka, wengi wao na mapanga na matawi mabichi. Ushujaa wao haukuwa pungufu ya wa mtu yeyote niliyemtaja. Walichokosa ni kile ambacho vikosi vya Marekani vimekipata kwa gharama kubwa: misimu mingi ya kuinama pamoja kabla ya siku yenyewe.

Na sasa Marekani nayo imo katika hatari ya kukipoteza, kwa sababu ya ijara. Mzimamoto wa msimu aliajiriwa kwa saa zisizozidi 1,039 kwa mwaka, yaani pungufu kidogo ya nusu mwaka, na katika daftari za serikali aliandikwa kuwa fundi wa misitu. Jina la mzimamoto halikuwamo. Msimu ukiisha alitoka bila ya mshahara, na wengi bila ya bima ya afya, akaenda kufanya kazi katika vituo vya michezo ya theluji au kusajiliwa miongoni mwa wasio na kazi, na wako waliolala ndani ya magari yao kwa kuwa kodi za nyumba karibu na misitu zimepanda kupita mapato yao. Kwa miongo mingi kinga ya pumzi zao haikuwa zaidi ya leso shingoni, ilhali mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba kazi ya uzimamoto yenyewe husababisha saratani. Katika mwaka huo huo sheria ya Marekani ilikubali mwishowe kuzihesabu baadhi ya saratani kuwa zimetokana na kazi hii, bila ya kumlazimisha mgonjwa kuthibitisha ni moshi wa siku gani uliomdhuru.

Sheria ya mwaka 2021 iliagiza waandikwe kwa jina la kazi yao na waongezwe malipo kwa muda, na nyongeza hiyo ilifanywa ya kudumu mwaka 2025. Ni hatua ya haki, nami naifurahia. Lakini katika miaka ya kungoja wengi waliondoka, na walioondoka hawakuwa wale wa msimu wa kwanza. Walikuwa wanyapara wenye misimu minane na kumi, ambao tayari wana wake au waume na watoto, wanaojua kusoma upepo wa mlima, na ambao sauti yao kikosi kiliizoea. Kanuni za Hotshots hutaka kila kikosi, kabla ya kupelekwa kwenye moto wa kwanza wa mwaka, kimalize mafunzo ya pamoja, na sehemu kubwa ya watu wake wawe wamekwisha kupita msimu mmoja au zaidi; kikosi kisichotimiza sharti hilo hushushwa daraja na kupewa kazi zisizo na hatari kubwa mpaka kipate watu wanaostahili. Katika miaka hii ya karibuni viko vikosi vyenye sifa ya nusu karne vilivyoanza msimu vikiwa vimeshushwa hivyo, magari yao mawili yakiwa tayari, majembe yamenolewa, na nafasi za wanyapara ziko wazi.